Bastola ya Akiba ya Weldon Rusk

Weldon Rusk alivaa bastola mbili, na mji mzima ulijua. Ya kwanza ilikaa kiunoni upande wa kulia, chini ya shati ambalo kwa sababu hiyo hakuwahi kulichomekea. Ya pili, rivolva ndogo ya risasi tano, aliifunga kwa mkanda wa kitambaa juu ya kifundo cha mguu wa kushoto, ikafichwa na suruali ya jinzi.

Katika mji wa Sorrel, magharibi ya Texas, bastola moja haimshangazi mtu. Mwenye duka la mbegu anayo. Mwalimu wa kwaya anayo, tena ina mpini wa rangi ya waridi. Kwenye mlango wa benki kuna kibandiko kinachowaomba wateja waache silaha garini, nao huziacha bila kinyongo, kama watu wa kwingine wanavyovua viatu kabla ya kukanyaga mkeka. Kilichowachekesha watu ni ile ya pili.

"Siku ukitumbukia mtoni, Weldon," Gaylon Teague, mwenye duka lile la mbegu, alikuwa akimwambia asubuhi kwenye kahawa pale dukani, "utafika chini kabla hujalowa. Shukuru Mungu mto wetu hauna maji."

"Na wewe siku yako ikigoma utafanyaje?" Weldon alimjibu. "Utawarushia kofia?"

Hapo wote walicheka, na Weldon pia, ingawa kidogo. Alikuwa mtu mrefu, mpole, shingo imeiva kwa jua, fundi wa pampu za visima vya ng'ombe. Kazi yake ilimpeleka kwenye ranchi ambako mtu anaweza kuendesha gari asubuhi nzima asipishane na mwingine. Huko simu hazishiki. Ukimwita sherifu, atakuja, lakini atakuja kuandika yaliyokwisha kutokea. Mimi niliyekuwa nimepanga kile kijumba nyuma ya nyumba yake, na niliyekaa Sorrel miaka mingi kuliko nilivyokusudia, sikuwahi kumwona akijitapa kwa silaha. Alizivaa kama alivyovaa miwani.

Sababu ya ile ya pili ilikuwa kwenye taya lake. Zamani, kwenye kituo cha mafuta cha njia panda, wanaume wawili walitaka pikapu yake. Weldon alichomoa bastola yake, akavuta, risasi ya kwanza ikaenda hewani, na ganda lake likakwama likiwa nusu ndani nusu nje. Akavuta tena. Hakuna kitu. Mmoja wao aliitazama ile bastola, akamtazama Weldon usoni, kisha bila haraka akampiga kwa chuma cha kufungulia tairi. Taya likavunjika mahali pawili, pikapu ikaenda, na vifaa vyote vya kazi vikaenda nayo. Alipopona ndipo aliponunua rivolva, kwa kuwa rivolva haina ganda la kukwama.

"Sikuumia kwa sababu sikuwa na silaha," aliniambia wakati mmoja. "Niliumia kwa sababu nilikuwa na moja."

Nilimwambia kwetu tunasema akiba haiozi. Maneno hayo yakampendeza mno, akanifanya niyarudie mpaka akayashika, na kwa wiki nzima akawa anawatamkia watu dukani kwa lafudhi yake ya kuvuta maneno.

Aliyekataa kucheka juu ya jambo hili, na akakataa pia kulikubali, ni binti yake Tamra. Alikuwa muuguzi mjini Denver, kwenye wodi ya watoto, na alikuwa amewapokea watoto walioletwa pale baada ya kukuta kitu kwenye droo ya babu, au chini ya kiti cha gari, au kwenye mkoba wa shangazi. Hakuhitaji mtu wa kumwelezea. Kwa hiyo kila Krismasi alikuja na mwanawe Marlee, lakini walilala hotelini kando ya barabara kuu, wakashinda nyumbani kwa wazee mchana tu. Nelda, mke wa Weldon, alikuwa akitandika kitanda cha mjukuu kila mwaka, na kila mwaka kitanda kilibaki kama alivyokitandika.

Mwaka huo Marlee alikuwa amefika miaka sita. Zamu za Tamra zilibadilika, na yule aliyekuwa akimlelea mtoto akahama. Baada ya simu nyingi, Tamra alikubali mtoto akae Sorrel kiangazi chote. Aliweka sharti moja. Silaha iwe mwilini mwa babu au iwe ndani ya sanduku la chuma lililofungwa. Isiwe mezani, isiwe kwenye droo, isiwe juu ya jokofu. Likivunjwa mara moja, anakuja kumchukua mtoto, na hatamleta tena.

Weldon aliona sharti hilo ni rahisi mno kwake. "Zangu hazikai mezani," alisema. "Ziko kwangu. Kitu kilicho mwilini mwangu mtoto atakiokota wapi?"

Marlee alifika mwezi wa sita, na kitanda kikalaliwa. Alikuwa mtoto wa maswali. Aliuliza kwa nini ng'ombe wa huku hawana maziwa ya kunywa, kwa nini nyanya Nelda anaiombea mvua lakini hachukui mwavuli, na siku ya pili tu, babu alipokuwa akivua viatu, aliuliza ile iliyo mguuni ni ya nini. Babu akamwambia ni ya akiba. Mtoto akaitazama kwa mbali, mikono nyuma, akasema haya.

Jumapili moja ya mwezi wa saba kulikuwa na chakula cha pamoja baada ya ibada. Kila nyumba ilileta sufuria yake. Kulikuwa na kifua cha ng'ombe kilichookwa kwa moshi tangu juzi yake, kunde, mkate wa mahindi, na zile pichi za Nelda zinazookwa chini ya blanketi la unga na siagi. Joto lilikuwa la kuyeyusha lami, na kipoza hewa cha ukumbi wa kanisa kilikuwa kikikohoa tu. Ukumbi ule una choo kimoja cha watu wote, mwisho wa ujia, baada ya jiko.

Weldon alikwenda chooni mara moja baada ya sahani ya pili. Akarudi, akamalizia chai yake ya barafu, na tukaondoka mimi, yeye na Nelda. Marlee alibaki, kwa kuwa wiki hiyo watoto walikuwa wakijifunza nyimbo za kuimba mbele ya wazazi, na mazoezi yalikuwa mchana uleule.

Nyumbani tulikaa barazani. Weldon akavua viatu vya kanisani, akavua soksi, akanyoosha miguu. Nikaona ameacha kusema katikati ya sentensi. Alikuwa akizungumza habari za kisima cha mtu fulani, na ghafla hapakuwa na kisima. Alikuwa akiutazama mguu wake wa kushoto. Juu ya kifundo kulikuwa na alama ya mkanda, ngozi nyeupe yenye vipele vyekundu vya joto, na juu ya ngozi ile hapakuwa na kitu.

"Iko wapi?" Nelda aliuliza. Alikuwa ameshaelewa.

"Chooni," Weldon alisema. "Ilikuwa inaniwasha. Nikaufungua mkanda nijikune. Nikaiweka juu ya tangi la maji."

Akasimama pekupeku, akaenda kwenye pikapu pekupeku, nami nikamfuata na viatu vyake mkononi. Nelda alibaki akipiga simu ya kanisa, ambayo iliita tu, kwa kuwa kila mtu alikuwa kwenye nyimbo.

Nimepanda magari na watu wa kila aina, wakiwemo wanaoendesha kana kwamba wana roho ya akiba nyumbani. Weldon hakuwa mmoja wao. Kwa kawaida aliendesha kama anayebeba mayai. Siku ile tulipita alama ya kusimama bila kusimama, na mkono wake wa kulia ulikuwa ukienda kiunoni kila mara, ukiigusa ile bastola nyingine, ukirudi kwenye usukani.

"Kiuno kilikuwa kizito," alisema. Hakuwa akiniambia mimi hasa. "Niliposimama pale chooni nilijipapasa. Huwa najipapasa. Mkono ukagusa hii hapa, mwili ukasema haya, tuko kamili, twende. Ingekuwa moja tu ningejua kabla sijashika kitasa cha mlango."

Nikamwambia labda hakuna aliyeingia.

"Watoto ishirini na maji ya limau," alisema. "Hakuna aliyeingia?"

Kisha akataja kile ambacho sote wawili tulikuwa tukikikwepa. "Marlee hunywa vikombe vitatu."

Kutoka kwenye uwanja wa kanisa tulisikia watoto wakiimba, na sijawahi kusikia watoto wakiimba vibaya kiasi kile nikafurahi kiasi kile. Weldon hakwenda ukumbini. Alipita mlango wa jikoni, mimi nyuma yake bado nimeshika viatu.

Mwisho wa ujia, mbele ya mlango wa choo, kulikuwa na kiti, na juu ya kiti alikaa Bi Oleta Strayhorn. Alikuwa mjane wa miaka themanini na kitu, msimamizi wa jiko la kanisa tangu wachungaji wanne waliopita. Mgongo wake ulikuwa umeegemea mlango kabisa. Mapajani alikuwa na bakuli la kunde mbichi, akizimenya taratibu, maana mikono yake ilikuwa na ugonjwa wa kutetemeka na nusu ya kunde zilikuwa sakafuni. Mbele yake alisimama mtoto mmoja aliyebana magoti.

"Nimeshakwambia, mwanangu, choo kimeziba," alikuwa akimwambia. "Nenda kwa mchungaji, vuka tu barabara. Na mwambie mwenzio asimwagilie maua yangu tena." Mtoto akakimbia. Bi Oleta akainua macho. "Ehe. Fundi wa pampu huyo. Nilishamtuma mke wa mchungaji akakupigie kwako, nikasema mwambie Weldon aje na spana, choo kimeziba. Umekuja bila spana na bila viatu."

"Bi Oleta," Weldon alisema, na sauti yake haikuwa ile ninayoijua. "Bado ipo?"

"Ipo ulipoiweka. Mikono yangu hii haifai kushika kitu kama kile, ningeweza kuupiga risasi ule mtungi wa barafu. Na kuita watu sikutaka, wangejaa hapa kila mmoja na ushauri wake. Nikaona nikae."

Akasogeza kiti. Weldon akaingia, akafunga mlango, na tukasikia risasi zikitolewa moja moja na kudondoka mfukoni. Alipotoka, mfuko mmoja wa suruali ulikuwa umetuna kwa rivolva na mwingine kwa risasi. Alianza kushukuru, akashindwa, akauliza jambo jingine.

"Nani aliiona kwanza?"

"Vaa viatu."

"Nani, Bi Oleta?"

Bi Oleta aliweka bakuli chini. "Mjukuu wako," alisema. "Alikuja jikoni, akanivuta aproni. Akaniambia, babu amesahau kile cha mguuni. Sijakigusa. Mama alisema nikikiona kitu kama kile nisiguse, nitoke, nimwambie mtu mzima. Halafu akanitazama hivi, akaniuliza, wewe ni mtu mzima?"

"Ukamwambiaje?"

"Nikamwambia nimekuwa mtu mzima tangu kabla mji huu haujapata lami. Akaridhika. Akarudi kuimba."

Weldon aliteleza na ukuta mpaka akakaa sakafuni, katikati ya kunde. Alifunika uso kwa kofia. Mabega yalimtikisika muda mrefu, na kwa kuwa uso sikuuona sikujua kama ni kilio au kicheko, wala sidhani kama yeye mwenyewe alijua. Bi Oleta aliendelea kumenya. Hakumwambia pole na hakumkaripia. Alisema tu kwamba kunde zilizoanguka azikusanye, zitaoshwa na kupikwa, hazina kosa.

Nyimbo zilipokwisha Marlee akaja mbio ujiani, kipande cha biskuti mkononi.

"Umekipata, babu?"

"Nimekipata."

"Uliacha kwenye choo."

"Ndiyo. Nilikosea sana."

Mtoto akafikiri. "Mimi niliacha sweta kwenye basi," alisema, akamkatia kipande cha biskuti.

Bi Oleta hakumwambia mtu. Mji mzima ulijua kwamba choo cha kanisa kiliziba na kwamba Weldon alikizibua kwa ufundi mkubwa, na jambo lingeweza kuishia hapo. Jioni ile barazani Nelda alilisema waziwazi. Mtoto ni mzima, silaha ni nzima, hakuna aliyeumia. Tamra akijua atakuja kesho na gari. Kwa nini wamwage maziwa ambayo hayajamwagika? Wangoje kiangazi kiishe, wamwambie wakati wa Krismasi, polepole.

Nilimwelewa. Alikuwa amekingoja kitanda kile kilaliwe kwa miaka sita.

Weldon alimsikiliza mpaka mwisho. Rivolva alikuwa ameshaitia ndani ya sanduku la chuma pamoja na bunduki za kuwindia, na ufunguo alimpa Nelda. Kwa muda wote ule nilidhani anafikiria binti yake, kumbe alikuwa akifikiria hesabu yake mwenyewe.

"Bastola kunikwamia imenitokea mara moja tangu nizaliwe," alisema. "Kusahau kitu hunitokea kila wiki. Nimesahau miwani, nimesahau pochi, nimekusahau wewe Nelda pale sokoni Lubbock."

"Mara mbili," Nelda alisema.

"Mara mbili. Sasa mtu anayesahau hivyo, kwa hofu ya lile la mara moja, anajiongezea cha kusahau. Gaylon ananicheka kwa sababu isiyo yenyewe. Uzito si kitu."

Nilimwuliza kama basi amekubali kwamba ile ya pili ilikuwa upumbavu tangu mwanzo. Akakataa. Alisema usiku wa taya lile angetoa kila alichonacho apate rivolva mguuni, na mtu asimwambie vingine. Sherifu ana mbili na yeye Weldon hamlaumu, ni kazi yake, anazikumbuka kama kuku anavyokumbuka mayai. "Lakini mimi ni fundi wa pampu," alisema. "Mimi nikishika mbili, moja ni ya kupoteza."

Ndivyo nami ninavyoiona, baada ya kuizungusha kichwani katika nchi kadhaa. Akiba haiozi, kweli. Ila waliosema hivyo walikuwa wakizungumzia nafaka, na nafaka ikisahauliwa inamdhuru panya tu.

Akaingia ndani, akampigia Tamra. Aliweka simu mezani, sauti wazi, ili Nelda asikie, na mimi sikufukuzwa. Alieleza yote kwa mpangilio, kuanzia mwasho mpaka aproni. Hakujitetea popote. Alipomaliza, tukasikia mlango wa jokofu ukifunguliwa na kufungwa huko Denver.

"Mpe Marlee," Tamra alisema.

Marlee aliitwa, akaichukua simu, akaenda nayo pembeni. Tulisikia upande wake tu. Hapana. Hapana, kwa macho tu. Kwa bibi wa jikoni. Ndiyo, mzee sana. Ndiyo, tumekula pichi. Kisha akairudisha simu mezani, akaenda kuangalia katuni.

"Baba," Tamra alisema. Alikuwa amelia, ilisikika, na alikuwa hataki isikike. "Ungeweza kuninyamazia."

"Ningeweza."

"Mama alitaka unyamaze."

Nelda akatazama dari.

"Iko wapi sasa?"

"Kwenye sanduku la chuma. Ufunguo anao mama yako. Haitoki tena."

"Na ya kiunoni?"

Weldon aliigusa kwa mkono. Nilijua kwamba neno moja lingemaliza mambo, na kwamba neno hilo lingekuwa uongo. "Hiyo ninayo," alisema. "Sitakudanganya. Nikienda kazini nitakuwa nayo. Hapa nyumbani itaingia sandukuni kila nikivuka mlango. Hilo naweza kuahidi na kulitimiza. Zaidi ya hapo nitakuwa naahidi tu, sitatimiza."

"Sikubaliani na wewe, baba. Sitakubaliana na wewe hata siku moja."

"Najua, mwanangu. Na bado wewe ndiye uliyemfundisha. Mimi nilikuwa na mbili, na zote hazikumsaidia. Kilichomsaidia ulikiweka wewe kichwani mwake."

Huko Denver jokofu likafunguliwa tena.

"Amekatwa nywele?" Tamra aliuliza. "Zilikuwa zinamwingia machoni."

Nelda aliruka kwenye simu kana kwamba imeshika moto. Akasema bado, atampeleka Jumanne, kwa yule binti wa Gaylon mwenye saluni, akauliza nywele za mbele tu au pande zote? Na Tamra akasema pande zote, lakini zisiwe fupi sana, kwa sababu picha za shule ni mwezi wa tisa na yeye atakuja kumchukua wiki moja kabla ya hapo, kama walivyopanga.

Kama walivyopanga. Weldon aliyasikia maneno hayo akiwa amesimama, mikono miwili juu ya mgongo wa kiti. Aliwaacha wanawake na habari za nywele, akaitoa bastola kiunoni, akasubiri Nelda amrushie ufunguo bila kukatiza mazungumzo, akaifungia sandukuni na kumrudishia. Kisha akaja jikoni akauliza kama kuna pichi zilizobaki. Nikamwonyesha. Zilikuwa zimebaki nyingi, upande mzima wa sinia, zimepoa na siagi imeganda juu. Alivuta stuli, akachukua kijiko kikubwa cha kupakulia, na bila kutafuta sahani akala mpaka chuma cha sinia kikaonekana.